Majani ya Mukeka Kando ya Robine

Mama,

Huku Butembo mvua imerudi, na yale majani yako ya mukeka kando ya robine, pale bomba la maji, yameanza kusimama tena. Nimetaka uwe wa kwanza kusikia.

Ulipokufa hatukuyagusa. Kambale, mdogo wangu, alisema mkono wako ndio uliyakata mara ya mwisho, basi yabaki hivyo. Wote tukakubali, tukajiona watoto wenye adabu. Kumbe! Majani ya zamani yalikauka, yakalalia machipukizi, na katikati pakaanza kuoza. Kila asubuhi nikienda kuchota maji roho iliniuma. Hicho ndicho kitu pekee cha kwetu Mangina kilichotubakia: lile bonge la mizizi ulilolibeba kichwani ndani ya beseni siku tulipokimbia vita, tope likikuchuruzikia shingoni. Kambale alikucheka njia nzima: "Mama, batu banabeba masufuria, weye unabeba nyasi!" Ukamjibu bila kugeuka: "Utalalia sufuria?"

Halafu Mama Kavira, jirani yetu, akaja kuomba maji. Aliyaangalia, akashika kiuno. "Munaiua na heshima yenu. Hii kitu inaomba kisu, hapana matanga."

Nikatafuta kisu chako kidogo. Nililia, Mama, sikufichi. Lakini nilikata kama ulivyonifundisha: chini, karibu na udongo, bila kugusa chipukizi jeupe. Nikatoa yaliyooza, nikaligawa bonge, nusu nikairudisha kwenye tope, nikayaelekeza pale maji ya kuoshea vyombo. Kila bua nililizungusha kati ya vidole. Bado lina zile pembe tatu ulizotufanya tuzipapase tukiwa wadogo, ili tusichanganye na nyasi ya mbuzi.

Baadaye nilimkuta Kambale amechuchumaa pale, anang'oa magugu. "Yaya," akaniita polepole mimi dada yake, "inaota."

Leo yananifika gotini. Yakikomaa nitayaanika, nisuke mukeka wangu wa kwanza bila wewe. Kingo zitapinda, najua, na wewe ungenicheka mpaka machozi.

Ile nusu nyingine iko ndani ya beseni lako lilelile, na maji kidogo. Njia ya Mangina ikitulia, tutairudisha kule kwenye kijito nyuma ya nyumba, mahali ulipoing'oa.

Lala vizuri, Mama. Beseni atalibeba Kambale. Ameomba mwenyewe.

Masika wako