Maua ya Maboga ya Bibi Lote

Kwa mwanangu Nakijwa, huko Msangeni.

Marahaba mwanangu, marahaba tena, maana najua umeniamkia moyoni hata kabla ya kuikunjua karatasi hii. Hujambo? Mumeo hajambo? Na miguu yako je, imepungua au bado inavimba ikifika jioni? Ikivimba iweke juu ya kigoda, usimwonee haya mama mkwe wako, naye alizaa. Na maji usichote wewe. Nasema tena, usichote wewe. Mimi huku mlimani juu ya Same sijambo, kikohozi kimekwisha, ila roho yangu haitulii. Nikisonga ugali nakuona wewe, nikifua nakuona wewe.

Nilikuahidi kwamba mwezi ukiandama utanikuta nimeshafika, niwe mimi wa kukukanda na kukupikia uji wa mzazi. Mtoto wa kwanza huyu, nami nikae ugenini? Lakini ulipoona siku zinapita na mimi siji, najua ulisema, "Mama amenisahau kwa Mzungu wake." Sikukusahau. Kilichonishika ni picha. Ngoja nikueleze, na ukicheka ucheke polepole, usijitikise.

Bibi Lote, huyu Mjerumani ninayempikia, wewe unamjua kwa jina tu. Ni mjane, mwembamba, na vidole vyake vina madoa ya rangi hata Jumapili kanisani. Kazi yake ni kuchora maua kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Mafuta yenyewe si ya kupikia, yananuka mpaka chai inanuka. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, mbona huchori watu, au hata ng'ombe?" Akacheka. Akasema alipokuwa msichana kwao, chuo cha wachoraji kilikuwa cha wanaume. Wanaume walichora wafalme na vita. Msichana aking'ang'ania sana alitafutiwa mwalimu wa pembeni, akafundishwa maua, kwa kuwa maua hayamdhuru mtu. "Nikasema haya, nipeni hayo maua," akaniambia, "nitayachora mpaka mchoke nyinyi!" Baba yake alikuwa mwoka mikate, naye Bibi alichora kwenye meza ya unga, akifukuzwa kila wateja wakija. Kisha akaolewa, akaja huku na mumewe enzi za Wajerumani, wakapanda kahawa. Vita vikaja, Waingereza wakawafukuza, mumewe akafia huko kwao. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, Bibi akarudi peke yake na sanduku la rangi. Binti yake akabaki kule.

Sasa picha yenyewe ni ya kumpelekea huyo binti. Nilipomwomba Bibi ruhusa akasema, "Mama Nakijwa, bila wewe sili, na nisipokula sichori. Picha ikiisha nenda kavune maharage yako."

Maharage! Kosa ni langu. Nilipoomba nilisema tu, "Kuna kazi nyumbani." Ningesemaje zaidi, mwanangu? Mimba haitangazwi kwa mgeni. Wewe mwenyewe nilikuficha chini ya nguo mpaka siku uliyolia. Basi nikanyamaza, naye akabaki na maharage yake.

Alikuwa anachora waridi za bustanini ndani ya jagi jeupe. Akazichoka. Akataka maua ya huku, ambayo binti yake hajapata kuyaona. Nikaenda kwenye maboga yangu niliyopanda kando ya mfereji, nikamletea maua ya njano mkono mzima. Alipiga makofi kama mtoto! Ila unajua maua ya boga, jua likishika kasi yanafumba, kwa hiyo akachora asubuhi tatu, na kila asubuhi nikachuma mengine. Mwisho ikabaki nafasi moja tu katikati ya picha, kiasi cha kiganja, ya ua moja lililofunguka likikutazama. Nikajua kesho nafunga mzigo.

Asubuhi ya nne, maua nimeshayaleta mezani, kichwa kikamuuma Bibi, akaenda kulala hata hajashika brashi. Mimi nikapita mezani nikayaona maua yamefumba, yamelala ndani ya maji. Mwanangu, mboga nzuri vile nikaitupe? Nikayaondoa vikonyo, nikayachanganya na majani yake, nikatia maziwa. Bibi akaamka kichwa kimepona, akala, akaongeza.

"Mama Nakijwa, mboga hii tamu sana. Ni nini?"

"Ni maua yako, Bibi."

Akaacha kutafuna. "Yale ya mezani?"

"Yale yale."

"Na lile kubwa la katikati, nililolichagua?"

"Hilo nadhani umeshalimeza."

Alicheka mpaka akashika meza. Mzee Kiondo, mtunza bustani, akasikia kutoka nje akaanza kupita nyumba kwa nyumba, "Jamani, Mama Nakijwa amepika picha ya Mzungu!" Sasa kila ninapopita wananiuliza leo nauza picha ya mchuzi au ya kukaanga.

Lakini nilipokwenda kuchuma mengine, kicheko kikanikauka. Maua madume, yale yasiyozaa boga, yote nilikuwa nimeyamaliza. Yamebaki majike, na jike halichumwi, hata wewe nilikufundisha hivyo ukiwa mdogo, ukilichuma umechuma boga lenyewe. Mzee Kiondo akasema madume mengine yatatoka baada ya wiki, labda zaidi. Wiki! Nikahesabu mwezi wako kwa vidole, nikarudia kuhesabu, vidole vikanikataa. Nikasimama pale kwenye maboga nikasema, ee Mungu, mjukuu wangu azaliwe nikiwa nangoja ua?

Ndipo nikamwambia Bibi, "Kesho alfajiri tubebe kila kitu twende bustanini. Jike limo, ila utalichora likiwa kwenye shina lake, mkono wako usiliguse." Akakubali. Mimi nikabeba turubai, Mzee Kiondo akabeba ile miguu mitatu ya kuliegemezea, Bibi na kigoda na rangi zake. Akaketi kwenye tope la mfereji, ua likafunguka mbele yake kubwa kama sahani. Akachora, mimi nikalitazama jua kama mwizi.

Akaniuliza, "Hiki kidude cha mviringo chini ya ua ni nini?"

"Ni boga lake, Bibi. Hili ni jike, lina mtoto tayari. Ndiyo sababu nilikukataza."

Akaendelea kuchora. Kisha, bila kugeuka, "Na wewe una watoto wangapi?"

Nisamehe mwanangu. Nilisema. Sijui ni lile boga au ni uchovu wa kunyamaza. Nilisema, "Ninaye mmoja, naye anajifungua mwezi ukiandama, mtoto wa kwanza, na mimi niko hapa."

Bibi akageuka. "Siku zote hizi unaniambia maharage!"

"Wewe ndiye uliyesema maharage, Bibi. Mimi nilisema kazi."

Akanitazama sana. Akasema, "Binti yangu alipojifungua mimi nilikuwa huku. Nilituma picha. Picha haimpokei mtoto, Mama Nakijwa." Akapangusa pua kwa mkono wenye rangi, ikabaki ya njano, na mimi sikumwambia. Akarudi kwenye turubai akachora upesi kuliko nilivyopata kumwona. Ua lilipoanza kufumba nikauliza, "Limekwisha?"

"Limekwisha. Hata lisingekwisha, ungekwenda."

Kwa hiyo nakuja, Nakijwa. Ameniomba siku tatu tu nimwelekeze mke wa Mzee Kiondo mambo ya jikoni. Alhamisi napanda gari la moshi hapa Same. Barua hii inanitangulia na mwinjilisti wetu, anayesafiri leo. Msimkasirikie Bibi kwa kuwa anajua siri yetu, ana moyo safi, nami nimeshaiombea sana.

Msalimu mkwe wangu mumeo, aje Lembeni stesheni na kamba ya mizigo, na kabla ya kuja akate kuni za kutosha. Mama mkwe wako mwambie nakuja kumsaidia, siji kumwondoa jikoni kwake, lakini uji nitapika mimi. Jirani yetu mkunga mpe salamu zangu, na umwombe asisafiri kwenda popote, hata msibani. Baba yako mdogo mwambie mbuzi niliyemwachia namkumbuka kwa rangi yake.

Na uchungu ukinitangulia, usiogope, mwite mkunga, ufanye kila analosema. Lakini ukianza Jumatano jikaze kidogo, tembeatembea uani, nami nitaupanda mlima ule kama msichana.

Mimi mama yako, ambaye kikapu changu kimeshafungwa na bado nakifungua kuangalia nilichosahau.