Kikao cha Zamu ya Dawa, Nusu Salon, Nusu Jikoni

Kundi la Tusaidiane, Katuba, Lubumbashi
Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, saa munane mchana, nyumbani kwa mwenyekiti, kwenye salon, chumba cha wageni

Waliokuja: Mama Kapinga (mwenyekiti), Papa Symphorien, Mama Brigitte, na Tonton Zéphirin (katibu), aliyefika wa kwanza kama kawaida yake.
Hakuja: Papa Paulin, yuko Pweto anarangua samaki wakavu wa kuja kuuza.

KUMB. NA. 1/07/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba sisi watano tunameza dawa za VIH. Kwa kuwa foleni ya hospitali inakula siku nzima, kila miezi mitatu mmoja wetu anaenda kwenye poste ya mtaa, kituo kidogo cha kugawa dawa, kuchukulia wote. Zamu hii ilikuwa ya katibu. Dawa hazijaonekana.

KUMB. NA. 2/07/2025: MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba alitoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mara zote tatu mvua kubwa ilimrudisha. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba tuko mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Imeandikwa.

Katibu aliendelea kueleza kwamba yeye si muntu wa kuogopa njia. Mwaka ule treni ilipokufa alitembea kwa miguu kutoka Sakania na carton ya dawa za bantu mia mbili kichwani, simba wawili nyuma yake, mpaka simba wakachoka. Papa Symphorien aliuliza majina ya hao simba. Swali halikujibiwa kwa sababu halikuwa kwenye ajenda.

Mama Brigitte alisimama bila kupewa ruhusa. «Tonton, mi niko na kinini mbili tu ya dawa. Ya leo na ya kesho. Mwaka ile nilikatisha dawa, bantu balinibeba na pousse-pousse ya mizigo mpaka hospitali, nilibakia mifupa. Sema ukweli!»

Hapo katibu, kwa heshima ya mama, alisema ukweli. Tangu mwezi jana anayegawa dawa kwenye poste ni Mama Christiane, mama mzazi wa Myriam, bibi wa ndoa wa katibu. Kila muntu anajua mwanaume haangaliani na mama mukwe machoni, wala kupokea kitu mkononi mwake. Tena mama huyo hajui kwamba mukwe wake anameza dawa.

Mama Brigitte: «Ile haya yako nitaimeza kesho kutwa?»

KUMB. NA. 3/07/2025: MGENI
Kabla ya kupiga kura ya nani aende badala ya katibu, hodi ilipigwa. Alikuwa Mama Christiane mwenyewe na kikapu. Katibu alihamia jikoni kwa adabu, si kwa mbio kama Papa Symphorien anavyodai, na kuanzia hapa anaandika kwa kusikia kupitia mlango.

Mama Christiane alisema: «Nilimuona ku dirisha, mara tatu. Mara ya kwanza nilijificha chini ya meza, asisikie haya, aingie. Akarudi. Ijumaa nilikaa chini ya meza mpaka mugongo ikaniuma. Ule anafikiri mi sijui? Jina lake iko mu registre. Na kinini ile anaogopa nimuone nayo, miye nameza miaka kumi na moja. Ndiyo maana banatuweka pale, siye tunaomeza.»

Sauti iliyosikika jikoni ni kifuniko cha sufuria. Kilianguka chenyewe.

Mama Brigitte alikuwa wa kwanza kupokea dawa za miezi mitatu. Alilia, au alicheka; kutoka jikoni haikujulikana. Pakiti ya katibu iliwekwa chini karibu na mlango, Mama Christiane akageuza uso kwenye ukuta, na mkono wa katibu ukatoka kuichukua.

KUMB. NA. 4/07/2025: MAAMUZI
Zamu ya Oktoba itakuwa tena ya katibu, kama adhabu. Mama Christiane ataacha pakiti juu ya kiti na kutoka kwa mlango wa nyuma. Katibu atakohoa kabla ya kuingia. Wote waliunga mkono. Katibu alipiga kura kwa kugonga sufuria.

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na dakika tano. Mgeni aliombwa abaki kula bukari, ugali wetu, akakubali. Katibu alitoka jikoni saa kumi na mbili na nusu, na njaa.

Mama Kapinga, Mwenyekiti (sahihi)
Tonton Zéphirin, Katibu (sahihi, daftari lilipitishwa chini ya mlango)