Chombo Kilichopinduliwa

Makumbusho,
Bugene, Karagwe.
11 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuamkia nikiwa mzima, sina homa wala kikohozi, na sketi yangu ya kazini imeanza kunibana, kwa hiyo ondoa wasiwasi kuhusu chakula. Habari za Bugomora? Goti linaendeleaje tangu mvua zikatike? Kaka Niyomugabo ameshaanika kahawa au bado anasema kesho? Na yule mtamba mwekundu, ameshazaa? Nakuuliza mengi kwa mpigo ingawa najua swali utakalolijibu kwa kirefu ni hilo la mtamba.

Najua umeshangaa kuletewa bahasha wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kila baada ya sentensi mbili kuniuliza kama nimekula, na mimi nina habari inayonichemka tangu wiki iliyopita. Naomba uisome mwenyewe, taratibu, usimpe kaka akusomee. Kuna mahali huko mbele nitaona aibu akipaona yeye kwanza.

Kazi yangu ni ileile ya kufagia na kufuta vumbi katika lile ghala la zamani la kahawa walilolifanya makumbusho. Mkubwa wetu ni Mzee Egbert, mwalimu mstaafu kutoka Muleba, mtu wa kanisani na wa miwani miwili. Mlangoni anakaa dada Deodatha, naye ni wa Bukoba, ndiye anayewapokea wageni na kuwaandikisha kwenye daftari. Vitu vimepangwa kwenye rafu: vigoda, vibuyu, mikuki, na kila kimoja kina kikaratasi chenye jina na matumizi yake. Mzee Egbert anavipenda vikaratasi hivyo kuliko vitu vyenyewe.

Basi mwezi uliopita mkulima mmoja wa Nyabiyonza alikuwa anabomoa nyumba ya marehemu baba yake, akakuta chombo cha udongo kimefukiwa pembeni mwa jiko. Akatuletea ndani ya gunia. Kina ukubwa wa chungu cha maharage, upande mmoja ni mpana na wazi kabisa, upande wa pili umefinyana na kubaki tundu, na ubavuni kina mdomo mdogo unaoingia mkono. Ndani ni cheusi tititi.

Mama, ungeiona vurugu iliyotokea hapa. Mzee Egbert alikisimamisha upande mpana ukiwa juu, akatangaza kwamba ni kikalio cha kibuyu cha pombe ya lubisi. Kwao kila kitu cha zamani kina uhusiano na lubisi. Deodatha akamuuliza masizi yanatoka wapi, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba wazee walipenda pombe ya vuguvugu. Padri aliyepita akasema ni chetezo cha ubani. Fundi seremala akaapa kwamba babu yake alipikia gundi ndani ya kitu kama hicho. Mzee mwingine akasema kuku walinyweshewa humo, na alipoonyeshwa tundu akasema kuku wa zamani walikuwa wanakunywa haraka. Deodatha alikuwa anayaandika yote kwenye daftari huku machozi ya kicheko yanamtoka.

Mimi nilikuwa na kitambaa changu, nafuta rafu. Siku ya kwanza tu nilipokifuta ndani nilinusa kile kitambaa, nikajikuta nimekaa sakafuni. Ilikuwa harufu ya mikono yako asubuhi. Nilijua ni nini, mama. Nilijua, na nikakaa kimya siku tisa, kwa sababu ningesema tu, swali la pili lingekuwa nimejulia wapi. Kwa hilo sikuwa na jibu ninaloweza kulitoa pale bila kuogopa kuipoteza kazi.

Sasa tarehe 22 ya mwezi huu, siku ya Jumamosi, kuna ufunguzi rasmi, na wageni watakuja hadi kutoka Kyerwa. Mzee Egbert akasema kitu kisicho na maelezo ya uhakika hakitakaa kwenye rafu mbele ya wageni, kitapelekwa stoo. Stoo yetu naijua, ninaifagia mimi: kinachoingia humo hakitoki. Nikalala vibaya. Kesho yake nikamkuta amekipa kazi nyingine. Amekiweka kwenye meza ya mapokezi, na upande ule mpana amepachika maua ya plastiki, mekundu na ya njano.

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba mdomo ulinitangulia. Nilimwambia mzee kwamba hicho kimepinduliwa, na kwamba hapo panapokaa maua ndipo panapopaswa kugusa chini. Yeye akavua miwani ya kusomea, akavaa ya kuonea mbali, akanitazama, akaniambia niendelee.

Nikayang'oa maua. Nikakigeuza. Nikachukua kutoka rafu ya tatu kile chombo cha maziwa cha mti ambacho sisi tunakiita icyansi, nikakipindua mdomo chini juu ya lile tundu. Mama, kilikaa kama kifuniko na sufuria yake. Deodatha alipiga makofi peke yake.

Mzee Egbert alitaka ushahidi zaidi, ndivyo walimu walivyo. Moto ndani alikataa, kwa hiyo tukatoka uani, na kile cha mti akakirudisha kwenye rafu kwa mikono yake, akatafuta kibuyu kisicho na historia. Mimi nikakiosha kibuyu, nikatia kaa la moto na majani makavu kupitia ule mdomo wa ubavuni, nikapuliza kama ulivyonifundisha, kidogo kidogo, ili yatoe moshi yasishike moto. Mzee alikuwa amesimama karibu, ndoo ya maji mkononi. Moshi ukapanda, ukaingia kibuyuni. Nikawaeleza kwamba maziwa hayawekwi kwenye chombo kilichooshwa kwa maji tu, lazima kifukizwe, ndipo maziwa yasiharibike upesi na yapate ile ladha, na kwamba nyumba yenye ng'ombe hujulikana kwa binti anayejua kufukiza. Deodatha aliletewa maziwa, akanywa kutoka kwenye kile kibuyu akiwa amesimama, nikamwambia akae kwanza, maziwa hunywewa kwa kukaa. Akakaa chini palepale kwenye majani. Nilifurahi mpaka nikaona haya kwa furaha yangu mwenyewe.

Hapa ndipo pagumu. Mzee Egbert alitoa kalamu yake akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Na mimi, moshi ungali mikononi, nikajibu kwamba ni bibi mmoja mfugaji wa Bugomora ninayemfahamu. Akaandika hivyohivyo kwenye kikaratasi cha chombo.

Mama, nilipoomba kazi hapa walipouliza kwetu ni wapi nilisema Nyabiyonza, na nikasema wazazi wangu ni marehemu. Niliogopa maswali ya nani alitoka upande gani wa mto wa mpakani na lini, na kuitwa mgeni. Na mwezi wa nane mwaka jana ulipokuja na mkungu wa ndizi kichwani, ukakaa kwenye benchi pale mlangoni, Deodatha aliniuliza huyu mama ni nani. Nilimwambia ni mama anayeuza ndizi. Ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu. Sijui kama ulisikia. Ulisema unawahi gari, ukaondoka bila hata kunywa maji, na tangu siku hiyo hujaja tena, na kwenye simu hujaniuliza neno.

Nadhani ulisikia. Nisamehe mama. Ulinibeba mgongoni na mimi nikakukana kwa sababu ya ufagio.

Jana asubuhi sikuweza tena kupita mbele ya kile kikaratasi. Nilimwendea Mzee Egbert nikamweleza yote, Deodatha akiwepo. Mzee akakichana kikaratasi chake, yeye asiyechana hata risiti, akanipa kingine kitupu niandike mwenyewe. Kuhusu kazi alisema tu kwamba bado sijafagia uani. Deodatha alilia, akasema zile ndizi tulizigawana, na kumbe alikula za mama yangu bila kumshukuru.

Nimeandika kinatumikaje, na kwamba maelezo yametolewa na Mama Costansia wa Bugomora, Kyerwa. Lakini pale juu, panapokaa jina la kitu, nimeshindwa. Ulikuwa unaniambia nikuletee kile, nami nilikuwa nakileta. Jina lake sikuwahi kulishika vizuri, na sitaki kulikosea mbele ya wenyewe. Nimepaacha patupu.

Njoo tarehe 22. Nitakungoja stendi ya Kayanga tangu asubuhi. Wewe utawaambia wageni kinaitwaje, na mimi nitawaambia wewe ni nani. Ukiona ni mapema mno, nitaelewa, na patabaki patupu mpaka utakapokuwa tayari.

Nisalimie kaka Niyomugabo na wifi Kayitesi, na majirani wote wanaoniulizia, na mwambie mtamba asizae Jumamosi hiyo. Hapa wote wanakusalimu, Deodatha zaidi. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi,
Ingabire,
binti wa Costansia.