Papa Kabamba, majani yako yamerudi

Mwaka umetimia, Papa, tangu tulipokuzika wewe na fimbo yako ya malishoni.

Asubuhi ulisafisha ofisi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, mchana ukapanda tramu kwenda kwa kondoo wako, nyuma ya mtaa wa Ganshoren, pembeni mwa jiji. Jioni ulirudi unanuka kondoo. Watu wakihama viti kwenye tramu, ulituambia: "Wamenipisha mzee. Wana adabu."

Hukuwahi kuwafungulia kondoo uwanja wote. Uliwazungushia kipande kwa waya, wakala mpaka majani yabaki urefu wa ngumi, ndipo ukawahamisha. Ulisema majani nayo ni mifugo, ukiyachinja hayazai. Kondoo akiugua, ulimfunika koti lako ukabaki unatetemeka wewe.

Viti vya matanga vilikuwa bado havijaondolewa Tonton Cédric, mdogo wako, alipochukua kondoo wote. "Mali ya ndugu ni ya ndugu," alisema. "Mutoto mwanamuke atachunga nini?" Mama alikuwa analia. Cédric alikuwa anatafuta fimbo yako. Hakujua tumekuzika nayo.

Aliondoa waya zako, akawaachia kondoo uwanja mzima. Majani mazuri waliyala mpaka mizizi, mengine wakayakanyaga. Mvua za Novemba zikageuza uwanja kuwa matope. Maman Wivina, mwenye uwanja, akamfukuza na kondoo wake, akatupa sisi ufunguo wa lango. Tuliyaacha majani yapumzike, yakaota.

Mwezi wa nne nyasi kavu za kuwalisha kondoo zilimwishia Cédric. Akaja nyumbani na chupa za bia, anatabasamu.

"Bon, Alphonsine, binti yangu. Ya zamani tuyaache. Kondoo za papa yako ziko na njaa."

Mama akaniangalia. Unanijua, Papa, mbele ya watu mimi hutazama viatu vyangu. Nilivitazama, nikasema: "Kondoo waingie. Wewe, tonton, baki nje ya waya. Na wakiingia hawatoki tena."

"Huyu hasemaka kitu! Donc leo umepata mdomo?"

"Mdomo umeota kwenye matope yako, tonton."

Kesho yake aliwaleta mwenyewe, mbavu zinaonekana. Nilifunga lango mbele ya uso wake, na sikufichi, moyo wangu ulicheka. Bia yake Mama aliimwaga kwenye sinki.

Sasa wamenona. Watu wanatuambia tumsamehe, ni damu yetu. Hata wewe ulikuwa damu yake.

Jumamosi, baada ya misa, tutakula pamoja malishoni. Ndugu na marafiki, karibuni ndani. Tonton Cédric naye aje. Nje ya waya kuna nafasi ya kusimama, na harufu ya nyama itamfikia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Victorine, wanao Alphonsine na Hénock, mjukuu wako Inès, na Maman Wivina.

Wewe, Papa, hatutakusahau kamwe. Yeye pia hatutamsahau.