Lambo Limepasuka Mara ya Tatu

Jumamosi, alasiri. Mvua imekatika tangu alfajiri, jua linachoma, na harufu ya tope inafika mpaka hapa barazani ninapoandika. Nina furaha leo, na nina aibu kidogo kuikiri, kwa sababu siku yenyewe ilianza na hasara.

Lambo letu, bwawa la kijiji, limepasuka tena. Miaka mitatu, mara tatu.

Niseme ukweli. Nilipoletewa habari asubuhi, nilijifunika shuka usoni. Miaka minne nilipasua mawe chini ya ardhi kule Geita, nikitoa dhahabu ambayo sikuwahi kuishika. Nilirudi hapa kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Shinyanga mjini, kwa kuwa nilitaka kuchimba kitu nitakachokiona: maji ya ng'ombe, maji ya kupikia. Kiangazi chote kijiji kizima tulichimba kwa majembe na makarai. Ikaja mvua kubwa moja, ikabomoa tuta linalozuia maji.

Kama mwaka jana. Kama mwaka juzi.

Nikamwambia mke wangu, Nyanzobe, anifungie mizigo. Jumatatu ningepanda lori la pamba nirudi mgodini. Kama ni kuchimba bure, nilimwambia, afadhali nichimbe bure ugenini, ambako hakuna anayenijua. Aliendelea kupepeta mtama.

Nikaenda kuliaga lambo. Nilidhani nitakuta watu wameshika tama. Nikakuta Mama Kulwa yumo katikati ya tope, limemfika magotini, kanga ameikaza kiunoni, anamkimbiza kambare aliyeachwa na maji.

Mama Kulwa ni jirani yetu, mjane, rika la mama yangu. Ng'ombe wake wote walikufa kwa ukame, hakusaliwa hata na ndama. Lakini kila kiangazi yeye ndiye hutangulia kufika lamboni na karai lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mtoza kodi? Vua viatu, huyu samaki ananishinda!"

Sikuvua. Nilimuuliza: "Mama, wewe huna ng'ombe. Lambo lenyewe halidumu. Unachimba ili iweje?"

Akamwacha kambare aende zake.

"Ulitaka nikae nyumbani tutazamane na kuku?" alisema. "Nikichimba naimba na wenzangu. Maji yakikaa, nitakunywa. Yasipokaa, nimekwisha kuimba. Nyimbo hizo nani ataninyang'anya?"

Alipogeuka kumfuata samaki wake, akateleza, akakaa kwenye tope puu! Akacheka mpaka akashindwa kuinuka.

Nikavua viatu.

Kufika saa sita tulikuwa watu ishirini na zaidi, wazima na akili zetu, tunafukuza kambare na kuangukiana kama watoto. Masanja, anayetuongozea nyimbo za kuchimba, alitunga wimbo papo hapo juu ya mtu aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu akaja kupata kambare. Mtu huyo ni mimi. Nilicheka mbavu zikauma. Kabla hatujatawanyika, bila kikao, tulikuwa tumekwisha kukubaliana: Jumatatu tunaanza upya.

Nimekuwa nikiingojea kazi iniambie kwa nini niifanye. Niliungojea mgodi, nikalingojea na tuta. Tuta halijui kitu. Mvua haina ugomvi nami, wala haina urafiki nami. Kama kuna maana yoyote pale lamboni, basi ni ile tunayokwenda nayo wenyewe kila asubuhi, pamoja na majembe.

Huenda likapasuka mara ya nne.

Nilirudi na kambare wawili na tope mpaka masikioni. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Nyanzobe kwa maneno mengi. Nikasema tu, "Siendi."

"Najua," alisema. "Kicheko chako kimefika mpaka hapa. Tangu urudi kutoka Geita sijakusikia ukicheka hivyo."

"Na mizigo?"

"Sikufunga hata shati."

Kisha akanipokea samaki, akaniambia ninawe kwanza nje, nisimchafulie nyumba.

Jumatatu tutakwenda lamboni wote wawili.