Mkono Chini ya Chokaa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, naomba uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Hakikutokana na ugonjwa wala uvivu. Kila niliposhika kalamu sikujua nianzie wapi. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba Mama bado anakukataza kupanda ngazi. Mwambie Kaka kwamba Bubu wake, kama alivyozoea kuniita, siku hizi anasema mno.

Kazi ya kujitolea iliyotuleta huku ng'ambo ya mpaka inaendelea vizuri. Vijiji ni maskini kuliko tulivyoelezwa kanisani. Wenzangu wanachimba vyoo na kufunga vidonda. Mimi nimepangiwa kufanya kazi na fundi mwashi. Tunakwangua chokaa ya zamani, tunaziba nyufa, kisha tunapaka upya. Fundi ni mtu wa maneno. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kuupaka ukuta au kuubembeleza.

Kila mmoja wetu amepewa mwenyeji. Wangu ni bibi mjane aishiye peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya kisima. Tulipofika alinishika mashavu, akaniuliza mbona nimekawia hivyo. Kiongozi wetu alikuwa ametuonya garini kwamba tusimbishie mzee yeyote, na kwamba tuitikie kila tunavyokaribishwa. Basi nikaitika. Nilimwambia, kwa adabu tu, kwamba nilicheleweshwa njiani na kwamba sasa nimerudi. Wenzangu walicheka, bibi hakucheka. Alinipeleka chumbani, nikakuta kitanda kimetandikwa na gauni limetundikwa msumarini. Gauni lile lilinienea.

Baadaye fundi alinieleza kwamba bibi alikuwa na binti mmoja, ambaye kijiji kizima kilimwita Chiriku kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Wakati fundi angali mwanagenzi, walikuja vijana wa kujitolea kama sisi. Binti aliondoka nao akatembee kwao, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Habari zake hazikusikika tena. Nilimhurumia bibi, nikamkumbusha kwa upole kwamba binti huyo sasa angekuwa mwanamke wa makamo. Alinitazama usoni, akasema kwamba basi huko nilikokwenda kumenitunza.

Majirani nao wakaanza kuniita Chiriku. Mwenye duka alinipimia chumvi kabla sijafungua kinywa, akanitaka niache kujifanya mgeni. Nilicheka. Njiani nikatambua kwamba chumvi ndiyo niliyoifuata, na kwamba sikuwa nimemwuliza mtu yeyote njia ya kufika pale dukani.

Juma lililopita ilifika zamu ya nyumba ya bibi. Fundi aliniachia chumba changu nikikwangue mwenyewe. Karibu na dirisha, matabaka ya chokaa yalibanduka kama ganda, na chini yake nikaona alama ya mkono, uliokandamizwa ukutani plasta ilipokuwa mbichi. Ulikuwa mkono wa mwanamke. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Sikutaka kujaribu, Baba, lakini niliuweka wangu. Uliingia wote, hata pale palipopinda. Fundi, ambaye hajapata kukosa neno, alichukua ndoo yake akatoka nje.

Unakijua kidole hicho. Wewe ndiwe uliyenibeba mgongoni hadi zahanati siku kilipobanwa na mlango wa sebule. Nakumbuka jasho la shingo yako. Lakini tangu nilipouweka mkono pale ukutani nakumbuka pia kamba ya kisima ikiniponyoka, kidole kikinaswa, na bibi akikifunga kwa kipande cha shuka huku akiniimbia. Kumbukumbu zote mbili zinauma sawasawa, ila ile ya kwako imeanza kufifia. Nimejaribu kukumbuka ule mlango ni wa rangi gani, nimeshindwa.

Hilo si kubwa kuliko hili ninalokuungamia sasa. Jana kiongozi alisoma majina ya watakaopanda gari la kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Aliliita jina langu, lile ulilonipa wewe, akarudia kuliita. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nami nikageuka kutazama ni nani atakayeitika. Kisha bibi akaita Chiriku kutoka mlangoni, nikaitika kabla hajamaliza kuita.

Bibi hanizuii. Amesema tu kwamba nikiondoka safari hii, hatakitandika tena kitanda kile. Sauti yake ilikuwa tulivu, na tangu hapo hajala. Nikipanda gari, sidhani kama ataiona mvua ijayo. Nikibaki, sijui ni nani atakayekuwa amebaki, wala ninyi mtakuwa mmempoteza nani.

Nakuomba uniandikie upesi, kwa mkono wako mwenyewe, mlango wa sebule una rangi gani. Uanze barua kwa jina langu. Uliandike waziwazi, nami nitalisoma kwa sauti nione kama nitaitika.

Nisalimie Kaka na wote wanaoniulizia. Mama umpe mkono wangu, umwombe aendelee kukitandika kitanda changu hata kama hakilaliwi. Nikishaamua, nitakuandikia.

Ni mimi, binti yako.