Prosesa Isiyojua Kulala

Jumatatu, 6 Machi 2006

Betri imekufa tena kule shuleni. Yeiyo alipiga simu kabla sijamaliza chai. Yeiyo, yaani mama yangu, ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, nje ya mji wa Kajiado. Sola ni moja. Kompyuta niliyowapelekea inagawana betri na taa za darasa la nane, na hata ikikaa bure inamaliza chaji.

"Hiyo kitu yako inakunywa kuliko ng'ombe," akasema. "Wasichana wakikosa taa tena Jumamosi, naitoa."

Yuko sawa. Nimekasirika hata hivyo.

Jumanne, 7 Machi

Nimepata shida iko wapi. Kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha zingine zote, hakijui kwamba prosesa hii, ubongo wa kompyuta, inaweza kulala. Ikikosa kazi inazunguka tu. Na usingizi inao: mwepesi, wa kati, mzito. Ni mimi niandike sehemu ya kuilaza. Mashine ya kujaribia iko hapa Kitengela, ni pacha wa ile ya shule.

Siogopi. Uongo. Naogopa.

Alhamisi, 9 Machi

Imelala! Feni kimya. Nikaruka.

Haikuamka. Saa ya kwenye skrini imesimama. Nikigusa kibodi inashtuka, inafanya kazi kidogo, inazama tena. Auma, nesi ninayekaa naye, alichungulia. "Umeiua, daktari? Tulete maua?"

Sikucheka. Najichukia leo.

Ijumaa, 10 Machi

Auma ana zamu ya usiku, kwa hivyo analala mchana. Kengele ya simu yake haisikii, ndiyo maana huniomba nimgongee mlango. Nilikuwa nagonga, mkono bado hewani, nikaelewa. Niliipa prosesa saa ya kuiamsha iliyo ndani yake yenyewe. Usingizi ukiwa mzito, saa hiyo nayo inalala. Iko saa nyingine, nje ya prosesa. Hiyo hailali.

Nimebadilisha. Inalala, inaamka, inalala. Nimelia kidogo. Auma alichelewa kazini kwa sababu yangu: sikumaliza kumgongea.

Jumamosi, 11 Machi

Kajiado. Niliweka mfumo mpya mchana. Jua lilikuwa hafifu, mawingu tupu. Yeiyo alisimama karibu na plagi, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Prepu, masomo ya jioni, ikaanza. Sikuweza kula.

Taa hazikuzima. Wasichana walifunga vitabu wenyewe.

Yeiyo aliiacha plagi, akaenda kukagua mabweni.

Jumapili, 12 Machi

Kabla ya kanisa nilipitia darasani. Kompyuta imewaka, baridi, kimya. Juu yake kuna kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kufunikia redio ya sebuleni kwake, ambacho Yeiyo haruhusu mtu kugusa.

Kimeziba tundu la feni. Nimekisogeza kidogo tu, nikanyoosha pembe zake.

Nje wanaimba. Naenda.